Mama Sinema na Wanawake Waliobakizwa na Vita

Nachingwea walimwita Mama Sinema, na jina hilo hakulipenda. Alisema sinema ni jumba, yeye ni mtu. Lakini watu walikuwa wameshazoea, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kusema "mtengenezaji filamu" kila alipotaka kumsalimia njiani, jina lilibaki. Mimi nilimwita Mama tu. Yeye aliniita Mwalimu, kwa sababu ndiyo kazi aliyonikuta nayo: mwalimu wa shule ya msingi, mwenye chaki kwenye mikono na kwenye nywele.

Alikuja shuleni kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati amani ilipokuwa imepatikana ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi wengine wakifunga mizigo kurudi kwao na wengine wakiamua kubaki. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba anatafuta mtu anayejua Kimakonde na Kimwera, na asiyependa kusema sana. Mwalimu mkuu akaninyooshea kidole. Mama yangu alivuka mto akiwa msichana, baba yangu ni Mmwera wa Ruangwa, kwa hiyo lugha zote mbili nilizipata kabla ya Kiswahili. Kuhusu kutopenda kusema, sijui mwalimu mkuu alijuaje, maana kwenye vikao vyake hakuna aliyepewa nafasi ya kusema.

Basi kwa miaka mingi, kila likizo iliyomkuta yuko huku kwetu, nilikuwa mkalimani wake na mshika kipaza sauti. Filamu zake zilionyeshwa Dar es Salaam na nchi za mbali, na nasikia zilisifiwa. Hayo sikuyaona. Nilichokiona ni yeye akiwa kazini, na hicho ndicho ninachoweza kukieleza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kuvaa shati la kiume lenye mifuko minne na khanga chini, na raba miguuni hata siku ya Jumapili. Kamera aliibeba mwenyewe. Hata tukipanda kilima, hata akiwa na homa, hakumpa mtu. Kanda alizihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na chini yake alitandika kitambaa chenye mchele wa kunyonya unyevu. Mchele huo ulipozeeka aliupika na kuula, na alinilazimisha niule na mimi. Ulikuwa na ladha ya ndoo.

Kitu kilichonishangaza mwanzoni ni kwamba alikuwa hafanyi haraka. Nilidhani tukifika kijijini atatoa kamera, atauliza, tutaondoka. Badala yake aliingia shambani. Kama wanawake wanapalilia, alipalilia. Kama ni msimu wa korosho, aliokota korosho na kuzing'oa kwenye mabibo, mikono ikanata utomvu kama ya mtu mwingine yeyote. Alipalilia vibaya. Mara nyingi nilimwona mwenye shamba akirudia nyuma yake kimyakimya, akifukia shina la mhogo alilolifukua. Kamera ilitoka siku ya pili au ya tatu, na ikitoka ilikaa chini kwanza, watoto waiguse, kuku waizunguke, mpaka kila mtu aichoke.

Alikuwa na msemo wake kuhusu maswali. "Usimwulize aliona nini," aliniambia siku ya kwanza. "Mwulize alikuwa anafanya nini."

"Tofauti yake ni nini?" nikamwuliza.

"Ukimwuliza aliona nini, atakupa vita vya redioni. Ndege, mabomu, moshi. Ukimwuliza alikuwa anafanya nini, atakupa vita vyake."

Ilikuwa kweli. Mwanamke ambaye kwa swali la kwanza angesema tu "tulipata shida sana," kwa swali la pili alianza kueleza kwamba alikuwa anasuka nywele za mdogo wake, upande mmoja umekwisha na mwingine bado, na kwamba walikimbia hivyo hivyo, na mdogo wake alitembea mpaka Ruvuma na kichwa cha nusu nusu, na watu njiani walimcheka, na yeye akafurahi kuona watu bado wanacheka. Hayo hayakuwa kwenye redio.

Kijijini Kilimarondo tulimkuta bibi mmoja ambaye wakati wa vita vya uhuru vya Msumbiji alibeba masanduku ya risasi kichwani, yeye na wanawake wenzake, kutoka upande huu wa mto kwenda upande ule, na kurudi wamebeba majeruhi. Sasa alikuwa mzee na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu akilinda mahindi yasiliwe na tembo. Silaha yake ilikuwa debe bovu na kipande cha chuma. Mama Sinema alipanda juu ya dungu lile na kukaa naye tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Mimi nilikaa chini, dungu halikutuhimili watatu.

Wakati wa mazungumzo Mama Sinema akamwuliza kama hawaogopi tembo.

"Tembo nawaogopa," alisema bibi. "Lakini wana adabu. Wanakuja msimu wa mahindi tu, mahindi yakiisha wanakwenda zao. Wanajeshi walikuwa hawana msimu."

Niliitafsiri hiyo kutoka chini, nikipaza sauti. Baadaye Mama Sinema aliniambia kwamba aliacha kamera iendelee kumtazama bibi akiwa kimya, na kwamba kimya kile ndicho kilichomfanya abaki juu mpaka alasiri. Mimi nilikuwa nimeungua na jua na nilitaka kwenda nyumbani.

Kwenye ukalimani tuligombana mara kwa mara. Siku moja mwanamke wa Kimakonde alizungumza kwa muda mrefu, akanyoosha mikono, akapangusa macho, akarudi nyuma, akaanza tena. Alipomaliza nikasema, "Anasema maisha yalikuwa magumu na mumewe hakumsaidia."

Mama Sinema akanitazama. "Mwalimu. Amesema muda wote huo. Mengine umeyaweka wapi?"

"Mengine ni malalamiko."

"Basi nipe malalamiko."

Nikampa. Yalikuwa ni kwamba mume alirudi kutoka vitani na medali, na kwamba kila mgeni akija mume huitoa na kuisafisha, na hakuna siku hata moja aliyomwambia mgeni kwamba wakati yeye yuko vitani mkewe alizaa peke yake chini ya turubai, mvua inanyesha, akakata kitovu kwa kisu cha kumenyea mihogo. Toka siku hiyo nilitafsiri kila kitu, hata kukohoa.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mambo yake. Alisema hapendi uongo kwenye filamu, na papo hapo alimfanya mama mmoja atwange mahindi upya kwa sababu jua lilikuwa limeingia mawinguni alipotwanga mwanzo. Yule mama alitwanga, kisha akaniuliza kwa Kimwera kama huyu mgeni wangu anataka unga au vumbi. Alihubiri kwamba wanawake wasikilizwe, lakini mimi mwenyewe, ambaye ni mwanamke, nilipomshauri tupite njia ya Mtua kwa sababu daraja la njia nyingine limevunjika, hakunisikiliza, tukafika kwenye daraja lililovunjika na kurudi. Aliwajua kwa majina watoto wa kila mwanamke aliyempiga picha. Binti yake mwenyewe alikuwa analelewa na dada yake, na siku alipopokea habari kwamba binti amevunja ungo, alikuwa Ruangwa, kwenye nyumba ya wageni, anasubiri umeme wa jenereta achaji betri. Alisoma ujumbe, akaukunja, akauliza kama betri imejaa.

Jumapili alikwenda kanisani, parokia yoyote iliyokuwa karibu, akaomba kuimba na kwaya. Aliimba vibaya. Mwalimu wa kwaya mmoja alimhamisha kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili, kisha akamwomba kwa heshima asaidie kushika vitabu. Alishika vitabu. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye sauti ya kwanza.

Na wakubwa wa ofisi aliwajulia. Kulikuwa na bwana mmoja, cheo chake sikitaji, ambaye kila tukienda kujitambulisha alilalamika kwamba Mama anapiga picha wanawake wenye khanga zilizochanika na kuacha maendeleo. Siku moja akampeleka kwenye jengo jipya la ofisi yake amchukue picha mbele yake. Mama Sinema akatoa kamera, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akamwelekeza bwana asogee kushoto, asogee kulia, afungue mlango, afunge, atoke tena. Bwana alitokwa jasho. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ndoo ya kanda, na nilijua hakuna kanda hata moja iliyotoka ndani yake asubuhi hiyo. Kwa miaka kadhaa baadaye, kila walipokutana, bwana aliuliza filamu yake imefikia wapi, na Mama alijibu kwa upole kwamba bado inasafishwa.

Haya yote ni mambo madogo. Jambo kubwa lilitokea Mtua.

Alikuwepo Mtua mwanamke aliyeitwa Bi Somoe. Alivuka kutoka Msumbiji akiwa bado msichana, wakati wa vita vya uhuru, akaolewa huku na kijana aliyekuwa amevuka kama yeye. Muda mfupi baada ya ndoa, kijana yule aliingia kambini Nachingwea, akafundishwa vita, akavushwa mto kwenda kupigana. Hakurudi, na haikuja habari kwamba amekufa. Vita vikaisha, wengine wakarudi kwao, Bi Somoe hakurudi. Alisema mumewe akitoka huko atamtafuta mahali alipomwacha. Baada ya miaka mingi ndugu zake wakamwozesha kwa Mzee Hamisi, mkulima wa korosho, mtu mpole ambaye kila mtu pale Mtua alimheshimu. Walikaa vizuri. Watoto hawakujaliwa.

Mama Sinema alikaa na Bi Somoe kwa siku kadhaa. Siku ya mazungumzo tulikuwa shambani, Mzee Hamisi amekwenda mnadani. Mama akamwuliza alikuwa anafanya nini siku mume wa kwanza anaondoka. Bi Somoe akasema alikuwa anapanda njugu mawe, na kwamba tangu hapo kila msimu hupanda mstari mmoja kwa ajili yake, na njugu za mstari huo haziuzi, huwapa wapita njia. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza dawa ya kikohozi.

Hapo palitosha. Lakini Mama Sinema akaongeza, "Na kama akirudi leo?"

Nikatafsiri. Bi Somoe akafikiri kidogo. "Nitampa kiti," alisema. "Nitampa maji. Halafu nitamwomba Mzee Hamisi aniache."

Filamu ilipokamilika, Mama alirudi nayo. Ilikuwa desturi yake kuionyesha kule ilikotoka, na alijivunia hilo, kwani wengine wakishachukua picha huwa hawaonekani tena. Mtua tuliionyesha ndani ya ghala la korosho, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, televisheni juu ya dawati la kuazima, jenereta nje. Watu walijaa. Mzee Hamisi aliwekewa kiti mbele, kwa kuwa mkewe alikuwa ndani ya filamu na ilikuwa heshima. Alivaa kanzu.

Bi Somoe alipoonekana watu walipiga vigelegele. Kisha wakanyamaza kumsikiliza. Kisha likaja lile swali, na jibu lake, na maneno ya Kiswahili yameandikwa chini kwa wasiojua Kimakonde. Mzee Hamisi alijua Kimakonde, hakuhitaji kusoma. Aliinuka taratibu, akainama kidogo ili asiwazibe waliokuwa nyuma yake, akatoka. Filamu iliendelea. Hakuna aliyeitazama tena.

Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Siku chache zilipita, akamwita sheikh na kaka wa Bi Somoe aliyekuwa akikaa Nkowe, akasema mbele yao, "Mimi nilidhani nimeoa mjane. Kumbe nimeazima mke wa mtu. Namrudisha." Akatoa talaka. Kaka akampakia dada yake kwenye baiskeli na vyombo vyake kwenye baiskeli nyingine, wakaenda Nkowe.

Mama Sinema alikuwa ameshaondoka. Nilimpelekea habari kwa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Dar. Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia, bila kamera, tukaenda Nkowe. Tulimkuta Bi Somoe anachambua mbaazi nyuma ya nyumba ya kaka yake. Alitukaribisha, akatuuliza habari za safari, akatupa maji. Mama Sinema akapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya kanisa, akasema amekuja kuomba radhi.

Bi Somoe aliendelea kuchambua. "Inuka, mwanangu, chini pana mchwa," alisema. Kisha akasema, "Hukuniuliza uongo, na mimi sikukujibu uongo. Lakini ulikuwa unajua nani atasikia. Mimi nilikuwa sijui. Mimi nilikuwa naongea na wewe na Mwalimu."

Nilitafsiri, ingawa Mama kwa wakati ule alikuwa ameanza kuelewa Kimakonde.

"Sasa unataka nifanye nini?" aliuliza Mama.

"Nitoe humo."

Alimtoa. Ilikuwa ndiyo sehemu iliyowafurahisha wageni kuliko zote, na waliomsaidia kutengeneza filamu hiyo walimwandikia wakimsihi aiache, wakisema bila Bi Somoe filamu haina moyo. Akawajibu kwamba moyo wenyewe umeomba kutoka. Wakaacha kumsaidia. Kwa muda mrefu hakutengeneza filamu nyingine. Nilisikia alikuwa anapiga picha za harusi.

Aliporudi Nachingwea baadaye alikuwa na utaratibu mpya, na hakuukiuka tena. Filamu kabla ya kwenda popote ilionyeshwa kwanza kwa wanawake waliomo, peke yao, katika darasa langu, mlango umefungwa, nami nimekaa mlangoni. Kila mmoja alikuwa na haki ya kusema "hapo toa." Walitoa mengi. Mmoja alitoa sehemu nzima aliyosimulia jinsi alivyobakwa. Mwingine alitoa sehemu moja tu, aliyoonekana amevaa khanga kuukuu. Mama Sinema alizitoa zote mbili bila kubishana. Nilimwuliza kama haimuumi kuona kazi yake inakatwakatwa hivyo.

"Inaniuma," alisema. "Lakini mimi nikitoka humu ninakwenda kulala nyumba ya wageni. Wao wanakwenda kulala kwao."

Filamu za miaka hiyo, ambazo niliziona zote hapo darasani kabla hazijakatwa, zilikuwa nzuri kuliko za mwanzo. Huo ni uamuzi wangu, sina ujuzi wa mambo hayo. Wanawake walimwambia zaidi, kwa kuwa walijua wanaweza kuyarudisha maneno yao.

Bi Somoe hakupigwa picha tena. Lakini habari zake zilinifikia, kwa kuwa baba yangu ni wa huko na Nkowe si mbali na kwao.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, alikuja Nkowe mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amepigana pamoja na yule mume wa kwanza, na sasa, kwa kuwa nguvu zilikuwa zinamwisha, alikuwa anazunguka kwenye familia za wenzake kuwapa taarifa zao. Alimwambia Bi Somoe kwamba mumewe alikufa mwanzoni kabisa, muda mfupi tu baada ya kuvuka, si kwa risasi bali kwa kuhara, na kwamba yeye ndiye aliyemzika. Bi Somoe aliuliza walimzika kichwa kimeelekea wapi. Mzee akamweleza. Akashukuru, akampikia, akamwandalia mahali pa kulala.

Kisha akaweka msiba. Watu walimwambia msiba wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita haukaliwi. Akasema yeye amepata habari jana. Wakatandika mikeka.

Siku ya pili ya msiba aliingia Mzee Hamisi kwa baiskeli kutoka Mtua, vumbi mpaka kwenye kope. Kaka wa Bi Somoe alisimama, hakujua kama amkaribishe au amzuie. Mzee Hamisi akaegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia. "Nimekuja msibani," alisema. Akakaa kwenye mkeka wa wanaume, akaitikia dua, akachanja kuni, akabaki mpaka watu walipotawanyika. Na Bi Somoe hakuzungumza naye zaidi ya kumpa pole na safari.

Mwaka uliofuata alikuja kumposa.

Mara ya mwisho nilipomwona Mama Sinema alikuwa amekuja Ruangwa bila kazi. Macho yalikuwa yamemharibikia, presha ya macho, daktari alimwambia upande mmoja haurudi na mwingine utafuata. Kamera alikuwa ameshamwachia binti yake, ambaye kumbe naye alikuwa ameingia kazi hiyo hiyo, na walikuwa wakigombana kwa simu kila wiki. Aliniomba tumtembelee Bi Somoe. Tulichukua bodaboda mbili. Kijana aliyempakia Mama alikimbiza pikipiki kwa fujo, na tulipofika Mama alikuwa anasali sala ya mtakatifu ambaye sikumtambua.

Tuliwakuta wote wawili. Mzee Hamisi alikuwa amehamia Nkowe, kwenye nyumba ya mkewe, mashamba ya Mtua amewaachia wadogo zake. Alikuwa anasuka kamba chini ya upenu. Bi Somoe alitukumbatia, akaingia jikoni kutupikia, akakataa tumsaidie. Mama Sinema alikaa kwenye kigoda, akigeuza kichwa upande wa jicho lililobaki ili amwone Mzee.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba. Hujambo, Mama Sinema? Kamera iko wapi?"

"Nimeiacha. Sioni tena."

Mzee Hamisi akavuta kamba, akaipima kwa kidole. "Miaka yote ile," alisema, "uliwauliza wanawake. Mimi nilikaa mbele kwenye ghala lile, watu wote wakanitazama mgongo, na hakuna aliyekuja kuniuliza mimi kitu."

Nilijiinamia. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Sinema akimhoji mwanamume, na nilidhani atakwepa. Lakini akasogeza kigoda karibu.

"Basi nakuuliza sasa," alisema. "Siku ile ulipotoka ghalani, ulikwenda kufanya nini?"

Mzee akaweka kamba chini. Alijibu polepole, akichagua maneno ya Kiswahili, na sikuwa na kazi ya kutafsiri. Alisema alikwenda nyumbani. Alikuwa na njaa, na aliona aibu kuwa na njaa wakati kama ule. Akawasha moto mwenyewe, akasonga ugali, akachuma mboga nyuma ya nyumba, akaiweka jikoni. Kisha akatafuta chumvi. Akafunua vyungu, akainua ungo, akapapasa kwenye dari. Hakuiona.

"Nikala hivyo hivyo, haina chumvi," alisema. "Na huku nakula nikawaza, mwanamke huyu nimekaa naye miaka yote, na sijui hata chumvi anaiweka wapi. Ningejuaje kwamba na mtu amemweka?"

"Ungemwuliza," alisema Mama Sinema.

"Ndiyo. Ningemwuliza." Akachukua kamba yake tena. "Kumpa talaka kulikuwa rahisi zaidi."

Ndani jikoni kijiko kilikuwa kinagonga sufuria, kisha kikaacha kugonga.

"Ilikuwa kwenye kifuu," alisema Bi Somoe kutoka ndani, bila kupaza sauti. "Nyuma ya mlango. Mlango ukiufungua, unaifunika."

Mzee Hamisi alitikisa kichwa. "Niliuacha wazi," alisema, "ili nikuone ukija."